Uzio wa nyumba Moshi: ukuta wa tofali, paneli za zege, wavu au michongoma?

Mtu anayenunua nyumba Moshi hupanda darini, hufungua mabomba, huwasha na kuzima taa, kisha huondoka bila kuutazama ukuta uliozunguka kiwanja. Na anayejenga uzio mpya huanza na ukuta alioupenda Shanty Town, mtaa wa nyumba za kifahari, kabla hajachimba hata futi mbili za udongo wake mwenyewe. Wote wawili wanakosea mahali pamoja. Uzio hauna paa la kuukandamiza wala kuta za pembeni za kuushika, na kwa hiyo ndio wa kwanza kusema ukweli kuhusu ardhi iliyo chini yake. Ndiyo maana ulinganisho huu unaanza na ukaguzi, na aina za uzio zinafuata baadaye, zote zikipimwa kwa kiwanja kimoja cha kawaida cha mita 20 kwa 30.

Nani akague

Marekani mnunuzi humwita mkaguzi mmoja, akapewa ripoti ya nyumba nzima kuanzia paa hadi msingi. Kwetu kazi hiyo imegawanyika. Mthamini hukadiria thamani ya nyumba, na ripoti yake ndiyo benki inayoitaka, lakini hakuitwa kutafuta mchwa kwenye kenchi. Mhandisi husoma nyufa na kueleza kama zinatoka kwenye msingi au kwenye lipu tu. Mpima ardhi huonyesha mipaka ilipo. Fundi mwashi aliyekaa na kazi miaka mingi hugonga ukuta kwa mpini wa nyundo na kujua kwa sauti mahali ambapo lipu imeachia. Dalali naye atakuonyesha sebule. Kama fedha inatosha kuwalipa wawili tu, maoni yangu ni kwamba uwalipe mpima ardhi na fundi mwashi usiyejuana naye kupitia muuzaji, na mhandisi umwite pale fundi anapokuonyesha ufa unaopita tofali zenyewe, au ufa unaopanda kwa ngazi kutoka chini hadi kwenye kona ya dirisha.

Mpima ardhi anatangulia kwa sababu uzio uliojengwa nje ya mpaka hauna aina nzuri wala mbaya, utabomolewa tu. Kwenye kiwanja kilichopimwa atalinganisha bikoni, yaani alama za mpaka zilizoko ardhini, na ramani iliyo kwenye hati, na usishangae akikuta bikoni moja imezikwa chini ya kifusi au imehamia upande wa jirani. Ukipakana na barabara kuu au ya mkoa, kumbuka kwamba Sheria ya Barabara ya 2007 inahifadhi mita 30 kila upande kuanzia katikati ya barabara, na ukipakana na mto kama Rau au Karanga, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza ujenzi ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Ukuta wenye alama nyekundu ya X usiuhesabu kama sehemu ya mali unayonunua, hata kama muuzaji anasema alama hiyo ni ya zamani.

Juu mlimani, Uru, Kibosho au Marangu, mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, mara nyingi ni mstari wa masale, na masale hayang'olewi kama magugu. Mmea huo huo ndio Mchaga aliyekosa hupeleka kuomba msamaha, hivyo atakayeung'oa ili apitishe msingi wa ukuta atakuwa amegusa zaidi ya mpaka. Ukinunua huko, tembea mpaka mzima pamoja na majirani wa pande zote na mwenyekiti wa kijiji au kitongoji, na umwulize kila mmoja kama kuna mfongo, yaani mfereji wa asili wa maji, unaokatiza eneo hilo, hata kama siku hiyo ni mkavu. Mfongo una wenyewe walio chini yako, wana zamu zao za maji, na uzio wowote utakaojenga lazima uuachie njia.

Udongo unaamua

Moshi ina ardhi mbili, na uzio unaofaa kwenye moja unaweza kuanguka kwenye nyingine. Ukipanda kuelekea Longuo na Uru unakuta udongo mwekundu wa volkano, unaopitisha maji vizuri na kushika msingi kwa miaka. Ukishuka kuelekea Pasua na Mabogini unakuta mahali pengi udongo mzito wa mfinyanzi, ule unaofaa mpunga kwa sababu hauachii maji. Udongo huo hufura masika na kusinyaa kiangazi, ukafungua nyufa ambazo mtoto anaweza kupoteza kandambili ndani yake. Nyumba yenye uzito wa kuta na paa huweza kuvumilia mchezo huo kwa kiasi, lakini ukuta wa uzio ni mwepesi, hivyo unanyanyuliwa sehemu moja na kushushwa sehemu nyingine mpaka unakatika.

Niliona jambo hili kwa karibu nyumbani kwa mjomba wangu, Pasua. Ukuta wake ulikuwa na miaka sita, umepigwa lipu na rangi nzuri, na kwa mbali ulionekana umenyooka kabisa. Fundi tuliyemwita alisalimia, akakataa chai kwanza, akatoa timazi mfukoni. Alishikilia uzi kwenye kofia ya ukuta, akaiacha timazi ishuke hadi chini, na ilipotulia ilikuwa mbali na tofali la chini kwa upana wa vidole vitatu. Kisha akachukua msumari wa inchi nne, akakwangua lipu mpaka akafika kwenye tofali, na tofali likamwagika kama unga wa dona. "Mzee, huyu aliyekuuzia tofali alikuwa anasafiri na mfuko mmoja safari ndefu," alisema, na mjomba, ambaye alikuwa amejiandaa kubishana juu ya kuinama kwa ukuta, hakuwa na la kusema.

Nje ya ukuta upande wa juu tulikuta tope lililokauka lenye mstari ulionyooka, kimo cha goti. Huo ulikuwa urefu wa maji ya mvua ya Aprili yaliyosimama nyuma ya ukuta, kwa kuwa hapakuwa na tundu hata moja la kuyatoa. Alama kama hiyo ndiyo kitu cha kwanza ninachokitafuta sasa ninapokagua kiwanja chochote chenye mteremko. Ikiwezekana, kagua ndani ya masika yenyewe, kati ya Machi na Mei, siku moja baada ya mvua kubwa. Nyumba inayoonyeshwa Septemba huonyeshwa ikiwa imekauka na ikiwa imepakwa rangi.

Aina nne kwenye kiwanja kimoja

Kiwanja cha mita 20 kwa 30 kina mzunguko wa mita 100. Toa mita nne za geti, zinabaki mita 96, na hizo ndizo nitakazotumia kwa kila aina ili vipimo vilingane. Bei sitaziandika, kwa kuwa ya saruji hubadilika kabla fundi hajamaliza msingi, lakini idadi ya vifaa haibadiliki, na ukiwa nayo unaweza kuuliza bei mwenyewe duka kwa duka.

Ukuta wa tofali za saruji wenye kimo cha mita 2.1 unakupa eneo la takribani mita za mraba 200, na kwa kuwa kila mita ya mraba hula tofali kumi hivi, utahitaji tofali 2,000 bila kuhesabu msingi. Ukifyatua tofali 30 kwa mfuko mmoja wa kilo 50, ni mifuko 67 kwa tofali peke yake. Fundi atakayefyatua 45 kwa mfuko atatumia 45 tu, akakuokolea mifuko 22, na hiyo mifuko 22 ndiyo iliyomwagika kama unga pale Pasua. Usinunue tofali kwa macho: liinue hadi kiunoni uliachie lianguke kwenye udongo mgumu, kwani lililo imara halisambaratiki, na uulize lilimwagiliwa maji siku ngapi, maana tofali lililoachwa juani siku ya kwanza haliwi gumu hata saruji yake ikiwa nyingi.

Faida ya ukuta ni kwamba unakupa faragha kamili, unazuia vumbi la barabara na mifugo ya jirani, na humwongezea mnunuzi wa baadaye hamu ya kununua. Hasara zake hazisemwi sana. Wa kwanza kufaidika na faragha ya ukuta, baada yako, ni mwizi, kwa sababu akishauruka hakuna mpita njia atakayemwona, na ndiyo maana mtu aliyejenga ukuta mrefu hujikuta mwaka unaofuata ananunua seng'enge, kisha taa, kisha anaajiri mlinzi. Hasara ya pili ni maji, ambayo nimekwisha kuieleza. Ya tatu ni mtikisiko: Julai 2007, matetemeko yaliyoanzia karibu na mlima Gelai, kaskazini mwa mkoa wa Arusha, yalisikika hadi Arusha mjini na hata Nairobi, na ukuta uliosimama peke yake bila nguzo za nondo hauna kinachoushika ardhi ikiyumba. Kwa hiyo ukichagua ukuta, uwe na nguzo za zege kila baada ya mita tatu, mkanda wa zege wa chini na wa juu, matundu ya maji karibu na usawa wa ardhi, na kwenye udongo wa mfinyanzi uache mwanya mwembamba kati ya vipande vya ukuta ili kila kipande kicheze chenyewe bila kukivunja cha pili. Kofia ya juu itokeze kidogo pande zote mbili, la sivyo mvua itateremka ndani ya lipu na kuibandua kuanzia juu.

Paneli za zege zilizotengenezwa tayari, zile zinazoteremshwa kwenye mifuo ya nguzo, ndizo watu wa Moshi wanazozidharau kupita inavyostahili. Kwenye udongo unaofura zinaushinda ukuta wa tofali, kwa kuwa kila nafasi kati ya nguzo mbili inacheza peke yake, na paneli moja ikipasuka unaitoa na kuweka nyingine bila kubomoa. Kazi ya wiki tatu za mwashi humalizika kwa siku chache, na ukija kugundua kwamba mpaka haukuwa sahihi, unauhamisha uzio badala ya kuulilia. Kasoro yake inaonekana kwenye mteremko, ambako paneli hupangwa kwa ngazi na kuacha pembetatu wazi chini ambayo mbwa anapita. Na paneli ya juu isipofungwa kwa chuma au saruji, vijana wawili wenye nguvu wanaweza kuinyanyua usiku na kupita kama kwenye mlango. Kagua pia kama nondo zinaonekana kwenye kingo za paneli kabla hujalipa, kwa sababu chuma kinachopata hewa hushika kutu, hufura na kupasua zege kutoka ndani.

Wavu wa fensi wa kimo cha mita 1.8, kwa mita hizo hizo 96, unahitaji nguzo 33 au zaidi kidogo, kila moja ikizama sentimita 60 ardhini, na mistari mitatu ya waya wa kuushikilia, yaani karibu mita 290 za waya. Nguzo za kona na za geti lazima ziwe na mihimili ya kuegemea, vinginevyo siku wavu unapovutwa kona zitainama kuelekea ndani. Katika kununua wavu, kosa la kawaida ni kudhani kwamba geji kubwa ni waya mnene, wakati ni kinyume chake: geji 12 ina waya wa unene wa zaidi kidogo ya milimita mbili na nusu, na geji 16 ni kama milimita moja na nusu tu, ambayo koleo la kawaida huikata kwa mkono mmoja. Wavu hauzuii maji, hauzuii upepo, hauogopi udongo wa mfinyanzi, na jirani anaona mgeni wako asiyealikwa. Hauzuii pia macho ya watu kwenye nguo zako zilizoanikwa, na ukigusa ardhi yenye unyevu utaoza kuanzia chini, hivyo uachwe juu ya udongo kwa upana wa vidole vitatu au uwekewe mstari mfupi wa mawe.

Michongoma ni uzio wa wazee, na kwa anayekaa Longuo au Rau kwenye udongo mzuri bado sijaona uzio unaoishinda kwa thamani, mradi awe na subira. Ukipanda miche kwa mistari miwili inayopishana, ikiachana sentimita 30, utahitaji miche 640, na miaka miwili hadi mitatu ya kumwagilia na kukata kabla haijafunga kiasi cha kumzuia mbuzi. Panda mvua za masika zinapoanza, ili miche ipate unyevu wa miezi miwili bila ndoo yako. Michongoma mizuri yenye miiba mirefu haikwewi wala hairukwi. Manyara, ambayo Wamasai huizungushia maboma na ambayo Ziwa Manyara limechukua jina lake, hukua haraka zaidi na kustahimili ukame wa bondeni, lakini utomvu wake mweupe huunguza macho vibaya, na kwenye nyumba yenye watoto wadogo nisingeipanda.

Gharama halisi ya michongoma iko kwenye ardhi. Ikinenepa huchukua mita nzima ya upana, na ukiipanda yote ndani ya mpaka wako, kama inavyopasa, utakuwa umetoa karibu mita za mraba 96 kati ya 600 ulizolipia, wakati ukuta wa tofali za inchi sita unachukua kama 15 tu. Mwenye eneo la nusu eka halisikii pengo hilo, ila mwenye kiwanja kidogo cha Soweto au Majengo atalisikia kila anapogeuza gari.

Mabanzi na mabati nayataja kwa kupita. Mabanzi kutoka viwanda vya mbao vya West Kilimanjaro ni rahisi na yanapendeza mwaka wa kwanza, kisha mchwa huanza chini na jua hukunja juu. Mabati ni ya kuzungushia ujenzi, yakiondoka na mafundi.

Kuchanganya

Watu huuliza aina ipi ni bora kana kwamba pande nne za kiwanja ni upande mmoja. Upande wa barabara una vumbi na macho, kwa hiyo ukuta au paneli zina kazi hapo. Upande unaopokea maji kutoka juu haufai kuzibwa, kwa hiyo wavu juu ya mstari wa mawe wenye matundu unatosha, na michongoma ikipandwa nyuma yake itaufunika wavu baada ya miaka mitatu, ikaurithi kazi siku utakapoanza kuoza. Upande wa jirani mnayeelewana naye unaweza kuwa wa ubia, mkaandikiana mbele ya mwenyekiti wa mtaa nani amelipa nini na nani atatengeneza ukianguka, kwa sababu makubaliano ya mdomo husahaulika nyumba ikiuzwa. Kabla ya kuchimba chochote, pita ofisi ya mipango miji ya manispaa uulize kuhusu kibali, hasa kwa ukuta wa kujengwa.

Kama nyumba unayonunua ina uzio tayari na timazi imeonyesha kwamba umelala, usikubali maneno ya kwamba utasimikwa nondo za kuuegemeza. Mwombe fundi akuhesabie gharama ya kuubomoa, kubeba kifusi na kujenga upya, kisha utoe hesabu hiyo kwenye bei mezani, kabla ya kusaini. Muuzaji aliyeambiwa namba ya tofali na mifuko hupungua ukali kuliko aliyeambiwa tu kwamba ukuta ni mbovu.

Mjomba wangu alibomoa upande wa juu na kuacha pande nyingine kwa sababu fedha haikutosha. Mahali pa ukuta aliweka mstari wa mawe wa kimo cha goti wenye matundu kila baada ya mita moja na nusu, nguzo za zege, na wavu wa geji 12, na miche ya michongoma ndani yake. Masika yaliyofuata nilimkuta asubuhi amesimama na mwavuli, akiangalia maji ya rangi ya chai yakitoka kwenye matundu yale na kushuka kwenye mfereji kando ya migomba, akaniambia nisizungumze kwanza, anahesabu matundu yaliyoziba.